Kuku Aliyeogeshwa Saa Nane

Najua mmeshaiona. Shoga yangu hakusubiri hata sahani ziondoke mezani, kashaweka status: kuku ndani ya maji, na vikatuni vitatu vya kucheka. Sasa na mimi nisikilizeni, maana yeye kawaonyesha mwisho tu.

Jiko langu la polepole (slow cooker, kile chungu cha umeme kinachopika kwa saa nyingi) ni la mtumba. Linakula wati mia mbili hivi, yaani kwa saa nane ni kama uniti moja na nusu, haifiki shilingi elfu ya LUKU. Ndiyo nikamtambia mama mkwe: Jumapili njooni, kuku atajipika mwenyewe.

Na kwenye kupanga sikukosea, msinisingizie. Viazi vinne vilitangulia chini, karibu na moto, maana humu kiazi kinachelewa kuiva kuliko nyama. Vitunguu viwili, nyanya tatu, saumu, tangawizi, binzari, kijiko cha chai cha chumvi. Juu yake kuku mmoja wa kisasa, vipande nane, barafu yote imeshayeyukia kwenye friji tangu jana yake. Maji nusu kikombe tu, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea na kuku anatoa maji yake. (Nyie mnaojaza maji kama ya maharage, ndiyo maana mchuzi wenu unapwaya.) Tui nikaliweka pembeni, la nusu saa ya mwisho. Likishinda kutwa kwenye moto linakatika.

Kitufe kina vituo vinne: kuzima, moto mdogo, moto mkubwa, kupasha. Maandishi yalishakwisha kwa kusugua na stilwaya, kwa hiyo mimi huhesabu mlio. "Ka" moja ni moto mdogo. Saa mbili asubuhi nikazungusha, ka, taa ikawaka, nikaenda kusuka.

Shoga kafika saa nane mchana. "Mbona hakunukii?" Akanyoosha mkono kwenye mfuniko, nikamchapa kofi la mkono. Ukifunua mara moja unapoteza joto la dakika ishirini na zaidi, hiyo ni kweli kabisa. "Polepole, shoga! Jina lake lenyewe polepole!" Wangapi mnajua kwamba baada ya saa mbili tatu mfuniko unatakiwa uwe umejaa matone ya jasho? Mimi najua. Ule ulikuwa mkavu, na mimi nasimama mbele yake kama mlinzi wa benki.

Saa kumi. Mama mkwe kwenye kochi. Wifi kanifuata jikoni na simu mkononi, shoga nyuma yake. Mimi na bakuli la tui. Nikashika mfuniko. Nikatazama watu. Nikafunua.

Hakuna mvuke.

Vipande vya kuku vimelala chali, vyeupe pee, mapaja yameloa, kipande cha nyanya juu ya kidari kama kitambaa cha kuogea. Mchuzi hautikisiki. Nikachoma kiazi kwa uma, kikagoma, kikatoa mlio: ko. Nikachoma paja, kikachuruzika kimaji cha waridi. Mwanamke mzima, bado nimeshika tui.

Wifi akainama, akachungulia taratibu. "Wifi, huyu unampika au unamwogesha?"

Nyie, nilitamani sakafu ipasuke.

Kumbe kitufe kinazunguka duara. Kulia, mlio wa kwanza ni moto mdogo. Mimi asubuhi nilizungusha kushoto, na mlio wa kwanza kwa kushoto ni kupasha, moto wa kutunza chakula kilichokwisha kuiva. Mbichi ukimweka hapo anashinda kwenye uvuguvugu, na kati ya nyuzi 5 na 60 ndiko bakteria wanakofanyia harusi. Mama mkwe, Mungu ambariki, akasema, "Mwanangu, si umchemshe tu?" Hapana, mama. Sumu nyingine za bakteria hazifi hata uchemshe. Kuku akaenda jalalani, tukala chipsi mayai za kijana wa kona, tui likaishia kwenye wali wa kesho yake.

Kitufe sasa kina nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye moto mdogo. Leo asubuhi ujumbe wa wifi ukaingia: "Jumapili hii kuku anaoga saa ngapi, tuje na taulo?"