Ukoma Malindi: tumngoje mgonjwa au tumfuate?

Mwaka 1991 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yaliazimia kwamba kufikia 2000 ukoma usiwe tena tatizo la afya ya jamii, yaani wagonjwa wawe chini ya mmoja kwa kila watu 10,000. Kenya ilikuwa imeshafika hapo tangu 1989, na dunia kwa jumla ikafika mwaka 2000. Hata hivyo, mwaka 2023 walipatikana wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, wengi wao India, Brazil na Indonesia. Huku kwetu Pwani, kaunti za Kilifi, iliko Malindi, na Kwale bado wanapatikana. Je, tuendelee kumngoja mgonjwa aje hospitali, au tumfuate nyumbani?

Wanaotaka tungoje hawasemi ovyo. Malaria, kifua kikuu na vifo vya kina mama vinagombania bajeti ileile ya kaunti, na kupima kijiji kizima Marafa au Gongoni ili apatikane mtu mmoja ni gharama kubwa. Dawa nazo zipo, hutolewa bure tangu 1995: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache ya ngozi, 12 kwa mwenye mengi. Lile lengo la 1991 pia lilifanya kazi yake. Mamilioni walitibiwa kwa sababu serikali zilikuwa na tarehe ya kufuata.

Shida ni kwamba ukoma haumsukumi mtu kwenda hospitali. Vijidudu vyake huzaana polepole mno, na dalili huweza kuchukua miaka 5, hata 20, kujitokeza. Baka haliwashi wala haliumi, maana lina ganzi, na ganzi hiyo huweza kufika mikononi. Mama huepua sufuria kwa mkono mtupu asisikie moto. Mvuvi hukatwa kiganja na mshipi, akashtukia damu tu. Kwanza atanunua dawa ya fangasi dukani, kisha atakwenda kwa mganga maana jamaa wanasema amerogwa. Akifika zahanati, huenda akahudumiwa na kijana aliyeusoma ukoma kwenye daftari tu, kwa kuwa alifundishwa kwamba umekwisha. Hapo ndipo ushindi wa 2000 ulipotuumiza: fedha zilipungua, na ujuzi ukastaafu pamoja na wauguzi wa zamani.

Na ujuzi wenyewe si wa mashine. Unasokota pamba iwe na ncha, mgonjwa anafumba macho, unagusa baka, naye anaonyesha kwa kidole alipoguswa. Asipoonyesha, unapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko uone kama umevimba. Ni kazi ya dakika chache, ila lazima awepo anayekumbuka kuifanya.

Suala gumu zaidi ni kinga. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wa karibu na mgonjwa wapewe dozi moja ya rifampisini, dawa ya kuua vijidudu vya ukoma. Utafiti wa Bangladesh ulionyesha kwamba dozi hiyo ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya mwanzo. Lakini fikiria Shella au Barani, mitaa ya Malindi, nyumba zimebanana. Ukigawa vidonge kwa majirani, kufikia alasiri mtaa mzima unajua nani anaumwa, na posa ya binti yake inaweza kuvunjika. Hofu hiyo naiona ya haki kabisa. Ndiyo maana mgonjwa lazima akubali kwanza, na akikataa asisumbuliwe.

Mimi nasimama upande wa kumfuata, lakini si kwa msafara wa gari lililoandikwa ukoma. Kilifi tayari wahudumu wa afya ya jamii wamezoea kupita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa za matende. Wafundishwe kutazama ngozi nzima: upele, fangasi, mabaka yenye ganzi, yote kwa pamoja. Hapo hakuna nyumba itakayonyooshewa kidole.

Jordan ilithibitishwa mwaka 2024 kuwa nchi ya kwanza kutokomeza ukoma, baada ya zaidi ya miaka 20 bila maambukizi ya ndani. Sisi majirani zetu ni Somalia na Tanzania, nchi ambazo bado zina mzigo mkubwa, na watu wetu wanasafiri huko kila leo. Kaunti ianze na vituo vya Magarini na Malindi: muuguzi mmoja kila kituo afundishwe kile kipimo cha pamba, na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, isikosekane. Hata anayeendelea na dawa anaweza kupatwa na mchachamao, yaani uvimbe wa ghafla, wa mishipa ya fahamu, na akicheleweshwa, ule mkono haurudi tena.