Mwacheni Mtoto Aanguke Shimoni Mwenyewe

Mpwa wangu ana umri wa miaka saba, na simu ya mama yake ina michezo mingi kuliko namba za watu. Jumapili iliyopita nilikaa pembeni yake nikamtazama akifungua mchezo mpya wa kukimbia na kuruka, na nilichokiona kimenikera hadi leo. Kabla mhusika hajapiga hata hatua moja, skrini nzima ilitiwa giza, kikatokea kidole cheupe cha kuchorwa kikimwelekeza mtoto abonyeze hapa. Akabonyeza. Kidole kikahamia pale, naye akakifuata, na hakuna kitufe kingine kilichokubali kubonyezwa mpaka somo lilipokwisha. Alipoachiwa hatimaye acheze, alikufa mara chache, maisha yakamwishia, na mchezo ukamwuliza kwa upole kabisa kama angependa kununua maisha mengine au kutazama tangazo. Akachagua tangazo. Lilikuwa la mikopo ya haraka kwa njia ya simu. Mtoto wa miaka saba!

Sisi tulioanza na Super Mario Bros., mchezo wa kukimbia na kuruka wa kampuni ya Kijapani ya Nintendo, mbele ya runinga ya chogo hatukuonyeshwa kidole na mtu. Mashine zetu za Magomeni hazikuwa hata za Nintendo. Zilikuwa za kuigiza, na kaseti zake zilijitapa juu ya karatasi kwamba zina maelfu ya michezo, ilhali ukizipekua unakuta ni michezo ileile michache inayorudiwa kwa majina tofauti. Kitabu cha maelekezo hakikuwepo, Kijapani hatukukijua, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kuhesabu moja hadi kumi. Hata hivyo kila mtoto aliyepokezwa pedi, yaani kile kidude chenye vitufe vya kuchezea, pale sebuleni alijua la kufanya kabla mwenzake hajaanza kulalamika kwamba zamu yake inacheleweshwa, na hilo halikutokea kwa bahati.

Tazameni jinsi hatua ya kwanza kabisa, 1-1, yaani dunia ya kwanza, hatua ya kwanza, ilivyopangwa. Mario, mhusika unayemwendesha, amesimama upande wa kushoto, uso umeelekea kulia, na mbele yake kuna uwanja mtupu. Mtoto ambaye hajawahi kushika pedi ataenda wapi kama si kulia? Mbele kidogo limening'inia tofali linalometameta lenye alama ya kuuliza, na chini anakuja kiumbe mfupi aliyenuna. Usipofanya lolote anakugusa na unakufa, lakini kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza, hujapoteza kitu. Mara ya pili unaruka. Ukimwangukia kichwani anapondeka. Ukiruka vibaya, huenda ukaligonga lile tofali kwa kichwa na sarafu ikatoka. Unagonga tofali jingine, unatoka uyoga, nawe kwa kuwa umeshafunzwa kwamba vinavyotembea vinaua, unataka kuukwepa. Uyoga unakwenda kulia, unaanguka chini, unagonga bomba la kijani, unageuka na kukujia moja kwa moja, na ukijaribu kuuruka, matofali yaliyo juu yako yanakurudisha chini. Unakugusa, na badala ya kufa unakua mkubwa.

Shigeru Miyamoto, aliyeuongoza mchezo huo akiwa na Takashi Tezuka, amewahi kueleza hadharani kwamba mpangilio huo ulikusudiwa, na kwamba hatua hizo walizichora kwa mkono kwenye karatasi za miraba. Ninayoipenda kuliko zote ni ile sehemu ya ngazi. Kwanza unakutana na ngazi mbili zinazotazamana zenye ardhi ya kawaida katikati, ambapo ukikosea kuruka unaangukia pazuri na kupanda tena. Kisha, mbele kidogo, unakutana na ngazi za umbo lilelile, ila safari hii katikati ni shimo. Umefanyishwa mazoezi na hukujua kama ulikuwa mazoezini. Huo ndio ualimu ninaousema, na yote hayo, pamoja na hatua 32 na muziki wa Koji Kondo ambao bado ninaweza kuupiga mluzi wote, yalikaa ndani ya kilobaiti 40, nafasi ambayo leo haiitoshi hata picha moja ya harusi unayotumiwa na shangazi. Ndiyo maana vichaka na mawingu ya mchezo ule ni mchoro mmoja uliopakwa rangi mbili. Walibana matumizi kila mahali, lakini akili ya mtoto hawakuibania.

Nimeshaambiwa kwamba ninaulilia utoto wangu tu. Huenda. Lakini 1-1 ipo vilevile hadi leo, na yeyote anaweza kumpa mtoto asiyejua lolote aicheze, kisha akae kimya atazame.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba mchezo ule ulikuwa na ukatili wake. Kioo hakikurudi kushoto, kwa hiyo ulichokipita umekipita. Maisha yalikuwa matatu, na yakiisha unarudishwa mwanzo. Ilikuwepo siri ya kushikilia kitufe cha A wakati wa kuanza upya ili uendelee kutoka dunia uliyofia, lakini mtaani kwetu hakuna aliyeijua. Kuhifadhi ulipofikia hakukuwepo kabisa, na miaka ile ya mgawo wa umeme hilo lilikuwa jambo la machozi. Basi tukajifunza njia za mkato kwa kuambizana: 1-2 unapita juu ya dari mpaka kwenye mabomba yanayokupeleka dunia ya nne, na 4-2 unagonga matofali yasiyoonekana, unayapanda, unagonga tofali la juu, unaota mmea, unaupanda, unatokea penye bomba la dunia ya nane. Kwa njia hiyo mtu anamaliza mchezo kwa kucheza hatua nane tu kabla giza halijaingia. Kuna aliyejua pia jinsi ya kumdundia kobe kwenye ngazi za mwisho za 3-1 hadi maisha yaongezeke bila kikomo, naye alikuwa mtu wa heshima kubwa. Maisha hayo aliyapata kwa ustadi wa vidole vyake, hakumkopa mtu.

Ngome za 4-4 na 7-4, hata hivyo, siwezi kuzitetea. Ndani yake unachagua njia ya juu au ya chini, na ukikosea mchezo hausemi kitu: unakurudisha tu palepale, kuta zilezile, moto uleule, huku saa ikiteremka kuelekea sifuri, na mtoto anaweza kuzunguka humo akidhani ngome ni ndefu tu. Mabwana waliofundisha uyoga na ngazi kwa ustadi kiasi kile hawakushindwa kuweka alama ndogo ukutani. Sisi njia ya 7-4 tulitajiwa na kijana wa nyumba ya pili, ambaye alikataa kufungua mdomo mpaka aachiwe pedi mchana kutwa, tukamwachia.