Kipuniki cha Fussala: lugha iliyompa kijana uaskofu

Ukiuliza Mababa wa Kanisa walisema lugha gani, utajibiwa kwa mkato: Athanasi Kigiriki, Efrem Kisiria, Agostino Kilatini. Jibu hilo linatuambia waliandika kwa lugha gani, basi. Waumini wao walisikia nini, halisemi. Maoni yangu ni kwamba anayetaka kujua lugha za Kanisa la karne zile aviweke kando kidogo vitabu vya maaskofu, awatafute wakalimani wao.

Tumchukue Agostino, kwa kuwa barua zake zimebaki nyingi. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria. Kilatini, anasema mwenyewe katika Maungamo, alikiokota kwa walezi waliokuwa wakimbembeleza, bila kiboko. Kigiriki alifundishwa shuleni kwa vitisho, akakichukia. Baadaye aliweza kulikagua neno la Biblia katika Kigiriki, lakini hakikuwahi kumkaa vizuri. Valerius, askofu aliyemtangulia Hippo, mji wa pwani ya Algeria ya leo, alikuwa kinyume chake: Mgiriki wa kuzaliwa, Kilatini kikimsumbua. Ndiyo maana alimwachia Agostino, aliyepewa upadri mwaka 391, ahubiri mbele yake, jambo ambalo desturi ya makanisa ya Afrika haikumruhusu padri kulifanya.

Hayo ni ya mjini. Mashambani watu walisema Kipuniki, lugha ya Karthago, iliyokuwa bado hai zaidi ya miaka 500 baada ya Warumi kuubomoa mji huo mwaka 146 KK. Wapo wanaodai kwamba Agostino akitaja Kipuniki alimaanisha Kiberberi, lugha ya wenyeji wa Afrika Kaskazini isiyo ya Kisemiti. Sikubaliani nao. Maneno machache anayoyanukuu yanawasuta: tatu ni salus, damu ni edom. Sisi tuliochukua theluthi na damu kutoka Kiarabu hatuhitaji profesa kutuonyesha ukoo wa Kisemiti hapo.

Yeye mwenyewe alikijua? Kiasi. Katika mahubiri mamoja anataja methali ya Kipuniki: tauni ikitaka sarafu moja, ipe mbili iende zake. Anaitoa kwa Kilatini, akieleza kwamba si wasikilizaji wote wanajua Kipuniki. Maana yake wengine walikijua, tena wamekaa humo humo kanisani. Ila kujua methali si kuweza kusimama mimbarini, na jambo lilipokuwa zito Agostino alitaka mkalimani.

Mwaka 400 hivi Crispinus, askofu wa Calama wa Wadonati, Wakristo wa Afrika waliojitenga na Wakatoliki, alijipatia shamba la Mappalia na kuwabatiza upya wakulima wake wapatao 80. Agostino alimwandikia (ni barua ya 66) akipendekeza hivi: sote wawili tuseme mbele yao, tunayosema yaandikwe, tuyatie sahihi, kisha wafasiriwe kwa Kipuniki, na waondolewe hofu ya bwana shamba ili wachague wanachotaka. Angalia mpangilio wake. Sahihi inatangulia tafsiri, hivyo mkalimani akipotosha, au mmoja wao akikana maneno yake kesho, maandishi yapo. Mtu hapangi hivyo kama anaamini kwamba tafsiri ni jambo la kupita tu.

Kwa upande wa pili hali ilikuwa ile ile. Macrobius, askofu wa Wadonati pale Hippo, alipoyakemea makundi ya vurugu ya Circumcelliones alisema nayo kupitia mkalimani wa Kipuniki. Wanaoupamba Udonati kuwa kanisa la wenyeji lenye lugha ya wenyeji wasome hapo tena.

Sasa Fussala. Kilikuwa kijiji chenye boma, maili 40 za Kirumi kutoka Hippo, karibu kilomita 60, na karibu eneo lote lilikuwa la Wadonati. Mapadri wa kwanza waliotumwa huko waliporwa, wakapigwa, wengine wakapofushwa, wengine wakauawa. Baada ya watu kujiunga na Wakatoliki, Agostino aliona umbali unamshinda, akaamua Fussala ipate askofu wake. Sharti moja lilibana: lazima ajue Kipuniki. Alikuwa na padri tayari, akamwita askofu mkuu wa Numidia, mzee aliyesafiri kutoka mbali kuja kumweka wakfu. Siku ilipofika yule padri akagoma. Kumrudisha mzee mikono mitupu ilikuwa aibu, basi Agostino akamtoa Antoninus, kijana aliyelelewa katika monasteri yake, aliyezidi kidogo tu miaka 20, ambaye katika ngazi za ukleri hakuwa amepita usomaji. Lugha aliijua. Mengine hayakuwa yamepimwa.

Matokeo yamo katika barua ya 209, kwa Papa Selestini, na katika barua nyingine ndefu iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1981: uonevu, unyang'anyi, mashtaka ya watu wa Fussala. Maaskofu wenzake walimwachia cheo lakini wakamwondoa Fussala na kumtaka arudishe alichochukua. Antoninus akakata rufaa Roma. Agostino, kwa aibu, alifika mahali pa kuandika kwamba anafikiria kuacha uaskofu.

Linganisha na Yerusalemu. Egeria, mhujaji aliyefika huko miaka ya 380, anaeleza alivyoona. Askofu alijua Kisiria lakini hakukisema kamwe kanisani. Alisema Kigiriki tu, na padri mmoja alisimama kila mara akifasiri kwa Kisiria. Masomo nayo yalisomwa kwa Kigiriki kisha yakafasiriwa. Wageni wa Kilatini walielezwa na ndugu waliojua lugha zote mbili. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa injili wa huku kwetu, mkalimani akimfuata mhubiri sentensi kwa sentensi, anaijua hiyo kazi. Nayo ilitambuliwa rasmi: Prokopio wa Skitopoli, aliyeuawa kwa imani mwaka 303, anatajwa na Eusebio kuwa msomaji, mfasiri wa Kisiria na mpunga pepo, yote matatu kwa pamoja.

Desturi ile ya Yerusalemu ina ubaridi wake, sikatai: askofu anayejua lugha ya watu na kuwanyima kwa makusudi. Lakini ilitenganisha vitu viwili ambavyo Fussala ilivichanganya, ulimi na mamlaka. Antoninus alifaa kuwa kama Prokopio, msomaji na mfasiri chini ya mtu mwingine. Umbali wa kilomita 60 ulikuwa tatizo la kweli, ila padri mwenye Kipuniki aliyekaa Fussala akiwajibika kwa Hippo angeondolewa kwa barua moja. Kumwondoa askofu kulihitaji kikao cha maaskofu, rufaa, na kesi iliyofika mpaka kwa Papa.