Wiki nzima nilikuwa najipigia hodi

Najua mmeshasikia, maana jamaa yangu amesambaza voisi ya dakika tatu kwenye magrupu. Humo kaongeza chumvi: sikulia. Ni vumbi la Kariakoo.

Seva ya Hajati, ile kompyuta kuu ya duka lake la vitenge, ilianza kunizingua Jumatatu. Inashika dakika tano, inakata. Wateja wa Tunduma na marobota yao wanasonya. Mimi nafungua laptopu, napiga pingi (yaani nabisha hodi kwa mashine nyingine nione kama inaitika) kwenye anwani ya seva, 192.168.1.10, majibu yanamiminika, halipotei hata moja, milisekunde 0.04. Seva nzima kabisa! Basi tatizo kebo. Nikabadilisha kebo zote za kaunta. Nikabadilisha na swichi ya mtandao, kwa hela ya Hajati. Alhamisi nikampigia fundi wa kampuni ya intaneti, nikamfokea kwa Kiingereza.

(Mnaojua haya mambo mmeshaishtukia hiyo 0.04. Tulieni, wenzenu hawajafika.)

Dada wa kaunta alishaniambia tangu Jumanne: "Kaka, mbona ukienda kula mashine inapona?" Nikamwambia asiniletee ushirikina kazini.

Fundi akaja. Kijana mdogo, kandambili miguuni. Rauta hata hakuitazama. Akakaa kwenye kompyuta ya kaunta, akaandika arp -a, amri ya kuonyesha anwani ipi inaitikiwa na kadi ipi ya mtandao, akasubiri mpaka ikakata, akaandika tena. Anwani ileile ya seva, ila namba ya kadi, ambayo kila mashine ina yake, imebadilika: mwanzo ilikuwa inaishia 3c, sasa inaishia 9f.

"Hapa kuna mashine mbili zinajiita seva," akasema.

Na mimi, kwa kimbelembele changu: "Si nilisema! Hajati, kuna mwizi kwenye mtandao wetu!"

Hajati akaweka kikombe cha kahawa chini. Duka kimya. Kijana akanigeukia kwa adabu zote: "Kaka, hebu tusomee na ya kwako."

Nikaandika ip a, inionyeshe namba ya kadi ya laptopu yangu. Nikaanza kusoma kwa sauti, kama imla. Jozi sita za tarakimu na herufi. Ya kwanza nimesoma kwa madaha. Ya tatu, naona kijana anafuatisha kwa kidole kwenye kioo chake. Ya tano, nikaanza kusikia feni ya dari. Ya sita nikasema "tisa..." halafu nikakohoa.

"Tisa nini, mwanangu?" Hajati akauliza.

"Efu."

Jumamosi iliyotangulia seva ilizimwa ibadilishwe diski. Nikaipa laptopu yangu anwani yake ili nijaribu programu ya mauzo, nikasahau kuirudisha. Wiki nzima nabisha hodi kwangu, naitikia karibu mwenyewe, kisha natoka kutangaza kwamba wenyeji wapo. Ndiyo ile 0.04: jibu lilikuwa haraka hivyo kwa sababu halikutoka hata nje ya laptopu.

Nikarudisha anwani, seva ikatulia, hela ya swichi ikakatwa kwenye malipo yangu, mambo yakaisha. Ila nikifika dukani nikabisha hodi, dada wa kaunta haitikii. Anasema nijiitikie mwenyewe.