Wimbo Haujaisha, Geuza Sahani

Jumapili mpwa wangu kaniita kwake nikaione sabufa yake mpya. Kweli ni sabufa: vikombe kabatini vilikuwa vinagongana. Kwa heshima yangu akaweka zilipendwa, Mbaraka Mwinshehe, kutoka kwenye simu. Nikajiegemeza. Maneno yakaisha, gitaa la solo ndio linajikohoza lianze kusema, sauti ikafifia. Kimya. Halafu tangazo la mkopo wa haraka.

"Mbona umezima?"

"Sijazima, Anko. Wimbo umeisha."

Umeisha! Hapo ndipo watu ukumbini walikuwa wanainuka vitini.

Ninyi mnaopandisha nyimbo hizi mtandaoni, hebu tuelewane. Sahani ndogo ya 45, yaani santuri inayozunguka mara 45 kwa dakika, ilibeba dakika tatu, nne kwa upande. Ukilazimisha zaidi, mifereji inamopita sindano inabanana na sauti inakosa nguvu. Bendi nayo ilizoea kuupiga wimbo mpaka shati lilowe. Wakaukata vipande viwili: upande wa kwanza maneno, wa pili magitaa. Lebo yenyewe inasema, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Tena dhiki hii ni ya zamani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sahani za 78 zilimpa kama dakika tatu kwa upande. Taarab! Dakika tatu ni za mama mmoja kutoka kiti cha nyuma kwenda kutunza.

Sasa wewe unapandisha upande mmoja, unaandika "wimbo kamili". Umetuonjesha mchuzi, nyama umeificha. Upande wa pili ndiko mwimbaji ananyamaza, solo na rithimu zinajibizana, tumba zinachokoza, besi inatembea taratibu kama mwenye nyumba. Mbaraka alifariki 1979. Harudi studio kutupigia kipande ulichoona uvivu kukigeuza.

Najua, najua. Bila ninyi hata hicho cha kwanza tusingekisikia. Sahani nyingi zimekwaruzika, nyingine nimeona zimefunikia mtungi. Haya, asanteni. Geuzeni.

Wale wenzangu mnaonunua waya wa spika kwa bei ya kiwanja Kigamboni, leo sina ugomvi nanyi. Ila sabufa jamani! Besi yote inakuwa kishindo kimoja, kama jirani anatwanga kisamvu.

Ninayo sahani ile, pande zote mbili, na mikwaruzo yake. Usiku nikamtumia mpwa wangu upande wa pili, nikamwambia aache sabufa, avae spika za masikioni. Tiki mbili za bluu, kimya. Nikajua kalala. Saa sita na nusu akaandika:

"Anko, huyu wa besi ni nani?"

Nikawasha taa, nikavaa miwani, nikaichukua sahani. Kuna jina la bendi, kuna la mtunzi. La mpiga besi hawakuandika.