Plaiwudi haina kosa, lawama ni ya matundu

Ukionyesha watu ubao wa tezi (plaiwudi iliyofichwa ndani ya ukuta wa nyuma unaobeba mashine) uliooza kwenye boti ya faiba ya zamani utasikia wimbo mmoja tu, plaiwudi ni takataka, weka kitu kisichooza. Na mimi niliuimba, mpaka nilipoikata ya kwangu nikaona kilichomo ndani.

Boti yenyewe ina miaka thelathini hivi, kwa nje safi, jelikoti (ile ngozi ngumu ya rangi ya nje) bado inang'aa. Siku moja iko juu ya trela nikainamisha mashine nusu, nikashika mkia wake kule kwenye propela nikakandamiza chini, ukuta wa nyuma ukacheza. Kidogo tu, unene wa ukucha, ila ule ukuta ndio unabeba mashine na kupokea msukumo wake wote, hautakiwi kucheza hata chembe. Nikachukua nyundo ya plastiki nikaanza kugonga, huku juu ko ko ko, nikashuka kuelekea tundu la kutolea maji sauti ikageuka pu pu kama unagonga godoro. Nikatoboa tundu dogo kwa ndani na dreli haikutoa unga wa mbao, ilitoa tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyolowa wiki nzima.

Fundi mmoja akanishauri nitoboe matundu mengi nimimine epoksi nyepesi (gundi ya maji maji inayokauka ikawa ngumu) ninyweshe mbao. Jamani, mbao iliyojaa maji itakunywaje epoksi? Unayafungia maji humo humo, alafu ukija kufungua unakuta kazi ni mara mbili.

Nikakata ngozi ya faiba ya ndani, ya nje nikaiacha iwe kalibu, na pia ni kwa sababu epoksi inashika vizuri juu ya polyesta (resini iliyotengenezea boti nyingi za faiba) lakini polyesta na jelikoti ya kawaida juu ya epoksi ni kubahatisha, kwa hiyo jelikoti ya nje sikutaka kuigusa. Vumbi la faiba linawasha balaa, vaa barakoa ya maana na mikono mirefu. Sasa hapo ndo nikashangaa: plaiwudi ya juu ilikuwa kavu, imeng'ang'ania hadi nikaitoa kwa patasi na grainda, ya chini natoa kwa vidole. Weusi wote ulianzia sehemu mbili, tundu la kutolea maji na skrubu nne za kipima kina ambazo mtu alizipigilia chini ya usawa wa maji bila tone la silanti, ile gundi ya kuziba maji. Bolti za mashine, ambazo zilizibwa vizuri, mbao yake nyeupe kabisa baada ya miaka yote hiyo!

Kwa hiyo nikarudishia plaiwudi ya baharini, mbili za milimita 18 nimezigandisha pamoja, unene ule ule wa zamani, maana niliupima kwanza. Gundi ni epoksi iliyokorogwa na unga wa silika mpaka ikawa nzito kama siagi, na klampu usikaze kwa hasira ukaikamua gundi yote ikatoka. (Nilikoroga nyingi kwenye ndoo moja, ikachemka ikaanza kutoa moshi mkononi, koroga kidogo kidogo.) Pembeni nikajaza kona ziwe mviringo, nikalaza kitambaa cha faiba tabaka juu ya tabaka kikipanda kwenye mbavu na sakafu ya boti. Mati za kawaida za faiba (nyuzi fupi zilizoshikanishwa kwa gundi) angalia kabla hujanunua, nyingi gundi yake inayeyushwa na polyesta tu, epoksi haiiwezi.

Muda mrefu zaidi nilimaliza kwenye matundu. Bolti ya milimita 12 nilitoboa 20, nikajaza epoksi nzito, ikakauka, nikatoboa tena 12 katikati, yaani bolti haigusi mbao popote. Kipima kina nikakibandikia kibao kwa nje kwa epoksi, skrubu fupi zinaishia humo humo kwenye kibao.

Zile bodi za povu gumu sizipingi, ni nyepesi na haziozi, mwenye hela aweke. Ila tundu lisilozibwa litaendelea kupitisha maji, na yakishapita yanaenda kwenye mataruma (mihimili ya chini ya sakafu), na hayo kwenye boti nyingi za zamani ni mbao vilevile.

Mashine niliirudisha baada ya wiki. Nikashika mkia, nikakandamiza, safari hii trela nzima ndo ikainama.