Alama 80 za ustahimilivu zinatuambia nini?

Mwaka 2003 Kathryn Connor na Jonathan Davidson walitoa dodoso la kupima ustahimilivu wa kisaikolojia kwa watu wazima. Lina vipengele 25, kila kimoja alama 0 hadi 4, hivyo jumla haizidi 100. Swali langu ni kama mwenye 80 kweli atainuka akianguka.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Anayemtibu mtu mwenye kiwewe hawezi kutegemea macho yake tu kujua kama tiba inasaidia, na Connor na Davidson walionyesha kwamba alama hupanda kadiri mgonjwa anavyopata nafuu. Kwa kazi hiyo dodoso linafaa, wala silipingi.

Ugumu unaanza pale alama zinapochukuliwa kuwa utabiri. Kipimo kifupi cha mwaka 2008, kilichoandaliwa na Bruce Smith na wenzake, kina vipengele sita tu: vitatu vinasema mtu huinuka upesi baada ya taabu, vitatu vinasema kinyume chake. Mpangilio huo unamdhibiti anayekubali kila anachoulizwa, na ni wa busara. Lakini mtu ambaye hajawahi kufiwa wala kuachishwa kazi atajibu nini? Atakisia. Anaeleza anavyojiona leo, tena pengine siku hiyo ameamka vizuri.

George Bonanno, aliyechunguza waliofiwa kwa miaka mingi, huutazama ustahimilivu kama mwendo: hali ya mtu hufuatiliwa kwa muda baada ya pigo, na ikiwezekana hata kabla yake. Nakubaliana naye, ingawa njia hiyo ni ghali na ya polepole, na mgonjwa aliyeko kliniki leo hawezi kusubiri miaka.

Kati ya madodoso yote navutiwa zaidi na lile la Norwei, la Oddgeir Friborg na wenzake, kwa sababu pamoja na nguvu za mtu mwenyewe linauliza pia mshikamano wa familia na watu wa kumsaidia. Wapo majasiri wengi walioanguka kwa kukosa wa kuwashika mkono.

Ndiyo maana napinga vikali waajiri kutumia vipimo hivi kuchuja waombaji kazi. Anayeitaka kazi atajaza majibu yanayopendeza, na mwajiri akishapata "wastahimilivu" wake hatakuwa na haraka ya kupunguza mzigo unaowaelemea.